Kabla ya Kufuta Kadi

Agosti ya mwaka wa shufwa ikifika, mpiga picha wa Lwakhakha hana usiku wala mchana. Wabukusu hutahiri vijana wao kila baada ya miaka miwili, na ng'ambo ya mto ndugu zao Wamasaaba wa Uganda hushika miaka hiyohiyo. Mji wetu huu mdogo wa mpakani, uliojibanza chini ya Mlima Elgon, hujaa mlio wa kengele za chinyimba na nyimbo za watu wanaotoka boma hili kwenda lile. Mpiga picha anaitwa huku leo jioni, kule kesho alfajiri, na kabla hajanywa chai simu inalia tena. Anarudi na kadi mbili tatu mfukoni, zote zimejaa.

Watu humwona akiwa uwanjani, amepiga goti kwenye majani yenye umande. Hawamwoni akifanya kazi inayofuata, ya kuzitoa picha zile kwenye kadi, kuziingiza kwenye kompyuta na kuzikalia. Nimekaa karibu na kazi hiyo muda mrefu, mara nikiifanya mwenyewe, mara nikimtazama kijana mmoja wa hapa anayeiweza kuliko mimi. Na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoona kwamba tumeidharau. Tunaihesabu upagazi: toa hapa, weka pale, mwenye mzigo alipe. Mimi nasema picha haijapigwa mpaka saa hiyo.

Chumba cha kijana huyu kiko nyuma ya duka la M-Pesa, kina meza moja na dirisha linaloelekea mlimani. Dirisha hilo si la urembo. Betri ya kipakatalishi chake ilikwisha nguvu zamani, hivyo mashine inaishi kwa stima, na mvua ya Agosti huja alasiri kutoka Elgon, nayo stima huondoka na mvua. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka kadi hutazama wingu kwanza. Wingu likiwa jeusi, kadi inabaki mfukoni mpaka kesho asubuhi. Likiwa jeupe, anaifuta kadi kwa pindo la fulana, anasukuma kile kidude cha pembeni kinachoifunga isiandikwe kitu, kisha anaichomeka. Kompyuta inaifungua na kuonyesha folda iitwayo DCIM, na ndani yake folda nyingine, na ndani ya hiyo safu ndefu ya majina yasiyo na maana kwa mtu yeyote: IMG_0411, IMG_0412, IMG_0413. Kamera za kampuni nyingi zimepanga picha zao hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watengenezaji walipokubaliana mpango mmoja ili kadi ya huyu isomwe na mashine ya yule.

Halafu ananakili. Ni kunakili tu, hahamishi, na atamgombeza mwanafunzi wake yeyote anayekata na kubandika. Ukikata na kubandika, stima ikapotea katikati, unaweza kubaki na nusu ya faili huku na kadi iliyoharibika kule. Ukinakili, hata radi ipige, picha za mwanzo bado zimo ndani ya kadi. Hatua ya pili ni kunakili tena, kwenye diski ya nje anayoiweka nyumbani kwake badala ya dukani, kwa sababu mwizi akija dukani hatachagua kati ya mashine na diski. Ni baada ya hapo tu ndipo kadi inaruhusiwa kurudi kwenye kamera na kusafishwa.

Kazi hii ya kutoa picha kwenye kamera ilizaliwa siku moja na kamera ya kidijitali yenyewe. Mwaka 1975, katika kampuni ya Kodak kule Rochester, Marekani, mhandisi kijana aitwaye Steven Sasson aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebwa mkononi, ingawa mkono wenyewe ulihitaji nguvu: ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Picha moja ya pikseli 10,000 ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti ya kawaida, ya aina ile tuliyosikilizia muziki. Kamera haikuwa na kioo cha kuonyesha chochote. Ilibidi kaseti itolewe, ipelekwe kwenye mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni, na hapo ndipo mtu aliona alichopiga. Mara ya kwanza walimpiga picha msichana aliyefanya kazi jirani na maabara yao, na picha ilipotokea kwenye televisheni nywele zilionekana, mandhari ikaonekana, lakini uso ulikuwa vurugu tupu, kwa sababu nyaya fulani zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Naipenda habari hiyo. Kamera ilikuwa imeona sawasawa. Uso ulipotelea njiani.

Enzi ya filamu, hapa kwetu, njia ilikuwa ndefu zaidi ila salama kwa namna yake. Roli moja ilikuwa na picha 36, na mpiga picha aliyehesabu 36 hakufyatua ovyo. Roli ikijaa ilipanda matatu kwenda Bungoma au Kitale kuoshwa, na baada ya siku kadhaa zikarudi bahasha mbili: karatasi za mteja na negativu za mpiga picha. Mgao huo haukupangwa na mtu ili kuhifadhi historia. Ulitokana na biashara tu, maana mteja akitaka nakala nyingine alilazimika kurudi kwa mwenye negativu. Lakini matokeo yake ni kwamba kila picha ilikuwa na makazi mawili, moja ukutani na moja ndani ya boksi la viatu la mpiga picha. Ukienda Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imetunza kwa njia hiyo sura za miji na watu waliokwisha kusahauliwa na wajukuu zao. Negativu ya wakati huo haihitaji programu wala nywila. Inahitaji mwanga na karatasi.

Sasa mteja anataka picha WhatsApp, leo leo. WhatsApp huipunguza ukubwa mara nyingi, mteja anaiweka status kwa saa 24, simu inaanguka chooni au inaibiwa Chwele siku ya soko, na habari imekwisha. Naye mpiga picha, kwa kuwa hakuna anayerudi kuomba nakala, hana sababu ya kibiashara ya kutunza faili kubwa. Anasafisha diski ili harusi ya Jumamosi ipate nafasi. Boma lile lile lina picha tatu za karatasi za jando la baba, zilizopauka kidogo na kuliwa na mende pembeni, na halina hata moja ya jando la mwana aliyepigwa picha mia nane.

Kuna jambo la namba za faili ambalo limenishughulisha kuliko yote. Kamera nyingi huhesabu mpaka 9999, kisha hurudi 0001. Mpiga picha wa Agosti moja yenye shughuli nyingi anaweza kumaliza mzunguko huo na kuanza upya. Maana yake ni kwamba kuna IMG_0412 ya 2018 na IMG_0412 ya 2022, kijana na kijana, boma na boma, na jina ni moja. Zikitupwa kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama uibadilishe ile ya zamani kwa hii mpya. Saa nane za usiku, mtu mwenye usingizi hubofya ndiyo.

Wabukusu wanaujua mtihani huo kutoka upande mwingine. Marika yetu ya tohara ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakifika mwisho yanaanza tena, na mzunguko mzima unachukua takriban karne. Kwa hiyo yuko Maina wa babu wa babu yako na yuko Maina mwingine aliyekuja baada yake. Wazee hawachanganyikiwi. Ukimwambia mzee fulani ni wa rika fulani, atakuuliza alitahiriwa mwaka wa nini, na utataja njaa, nzige, vita, au mambo yoyote yaliyoupa mwaka ule jina. Rika pekee halitoshi, linaongezewa tukio. Kijana wangu wa nyuma ya M-Pesa, ambaye hakufundishwa na chuo chochote, anafanya hivyohivyo. Kabla ya kugusa picha hata moja, anaamuru programu ibadilishe majina yote kwa mkupuo: mwaka, mwezi, siku, jina la boma, kisha namba. Nilipomuuliza alijifunza wapi alinitazama kama mtu aliyeulizwa alijifunza wapi kufunga mlango.

Kamera nayo hujaribu kuweka tarehe yake. Ndani ya kila faili huandika siku, saa, lenzi na mwanga uliotumika. Lakini usiiamini bila kuihoji. Ndani yake kuna betri ndogo ya kutunza saa, na kamera iliyolala kabatini muda mrefu huamka ikidhani leo ni tarehe 1 Januari ya mwaka ilipotengenezwa. Mara nyingi kamera ya kuazima huja hivyo. Nimeona jando zima la Lwakhakha likiwa limeandikwa Januari, mwezi ambao hakuna anayetahiri, na mtu asiyejua mila akija kuzisoma faili zile baada ya miaka hamsini ataandika makala ya kitaalamu yenye makosa matupu.

Baada ya majina huja kuchagua, na hapo ndipo kazi inapokuwa kupepeta wimbi: makapi ni mengi, na ukiwa na haraka utapeperusha nafaka pia. Macho yaliyofumba yanaondoka. Mkono wa mtu uliopita mbele ya lenzi unaondoka. Picha saba zinazofanana zinabaki moja. Ila mimi humwomba aangalie pembeni kabla hajafuta. Katikati ya fremu kuna kijana aliyepakwa tope, ndiye aliyelipiwa. Pembeni kuna shangazi anayecheka na bakuli mkononi, kuna mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kuna jirani ambaye hajawahi kupigwa picha nyingine yoyote maishani. Wakati wa kupiga, jicho lilikuwa kwa kijana. Ni kwenye kompyuta, picha ikipanuliwa mpaka ijae kioo, ndipo wale wa pembeni wanapoonekana kwa mara ya kwanza.

Mwanga wenyewe ni mgumu. Kijana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa litosi, lile tope la kijivu, mwili mzima, na hurudi nyumbani katikati ya umati unaoimba wimbo wa sioyaye. Anapofika uwanjani na kusimama mbele ya omukhebi, mtahiri, bila kupepesa macho, jua mara nyingi halijatoka. Huku kwetu mwezi wa Agosti huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba dunia nzima ina weupe wa wastani. Ikikutana na tope la kijivu juu ya ngozi nyeusi, mbele ya migomba yenye kiza, haijui ishike kipi, na picha inatoka imefifia au imejaa chenga.

Hapo aina ya faili ndiyo inayoamua. Faili ya JPEG hugawa kila rangi katika ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Katika giza la alfajiri tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona shavu au doa. Kijana wangu wa kompyuta anavuta vivuli juu polepole, na uso unajitokeza chini ya tope: kidevu kilichokazwa, mshipa wa shingo, na mstari mwembamba chini ya jicho ambapo tope limepasuka kwa kukauka. Anasimama hapo. Zaidi ya hapo picha inakuwa uongo, alfajiri inageuka mchana.

Wateja hawasimami hapo. Mama mmoja aliinama nyuma ya kiti akasema, "Mwanangu, mng'arishe kidogo awe mweupe." Kijana akamjibu, "Mama, akiwa mweupe nani atajua ni wako?" Mama alicheka, lakini alirudia ombi lake alipokuwa akitoka. Simlaumu. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilipima rangi zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na filamu ikaja kwetu ikiwa imefundishwa uso usio wetu. Programu za simu za leo zinaendeleza somo hilo kwa kubofya mara moja. Mimi kwa upande wangu sitaki. Ngozi ya mtu wa Lwakhakha saa kumi na mbili asubuhi ina buluu kidogo ndani yake, na mpiga picha anayeifuta hiyo buluu ameharibu kazi.

Kompyuta inatoa zawadi moja ambayo boksi la viatu halikuweza kuitoa kirahisi: kuiweka miaka ubavu kwa ubavu. Tulifanya hivyo jioni moja. Picha za 2018 ni za kawaida, watu wamebanana. Za 2020 zina barakoa za korona zilizoshushwa kidevuni, na umati ni mdogo. Kafyu ilianza saa tatu za usiku, na Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wasafiri tangu Machi, hivyo wajomba wa ng'ambo hawaonekani. Waliovuka walivuka kwa njia zao wenyewe, na hawakutaka kupigwa picha. Agosti ya 2022 uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 9, na kila fremu imejaa fulana na kofia za kampeni: nyuso za wagombea vifuani mwa watu wanaocheza, washindi na walioshindwa wote wakiruka kwa mdundo mmoja. Za 2024 zina simu. Mbele ya kila kijana aliyepakwa tope kuna mikono iliyoinuliwa, na mpiga picha aliyelipwa anapiga migongo ya wapiga picha wasiolipwa. Hakuna aliyepanga kuandika historia ya mpaka huu. Imo humo.

Yamo pia mambo yasiyopaswa kuwamo. Kijana anayetahiriwa husimama uchi mbele ya watu, na mila inaruhusu, kwa kuwa watu wale ni watu wake na alfajiri ile hairudiwi. Kadi haijui mpaka huo. Wengi wa vijana hawa ni watoto kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hao walikuwa wanafunzi waliovaa sare zao. Fikiria sasa picha ya mtoto asiye na nguo, ikizungushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 500.

Kwa hiyo picha za namna hiyo hufutwa, na kufuta nako kuna siri yake. Ukibofya kufuta, kadi kwa kawaida haiiondoi picha. Inaondoa jina lake kwenye orodha, na mahali pake panahesabiwa kuwa patupu, hadi picha nyingine iandikwe juu yake. Aliyefuta harusi kwa bahati mbaya huokolewa na jambo hilo: aache kupiga mara moja, atafute programu ya kufufua, na sehemu kubwa itarudi. Lakini jambo hilohilo humsaliti anayedhani ameficha kitu. Kadi iliyosafishwa juu juu na kuazimwa kwa rafiki bado imebeba uchi wa mtoto wa jirani. Kijana wetu hujaza kadi zake za jando picha za ukuta, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kumpa mtu mwingine. Zoezi hilo lina faida ya pili: hufichua kadi bandia, zile zilizoandikwa GB 64 nje na ndani zina 8, ambazo hupokea picha zako zote kwa heshima na kurudisha za mwanzo tu.

Anayekuja kutafuta picha ya zamani, mara nyingi, ana msiba. Mtu amefariki, kijitabu cha wasifu wa marehemu kinapaswa kuchapwa kesho, na familia haina picha yake moja iliyo wazi. Ndipo mtu anakumbuka: alikuwepo kwenye jando la mtoto wa fulani, 2018, alikaa upande wa kulia. Kijana anafungua folda, anasoma jina la boma, anapitia pembeni mwa fremu moja baada ya nyingine mpaka anampata mzee kwenye kiti cha plastiki. Anamkata kutoka kwa umati, anaondoa bakuli la busaa, ananyoosha kola, na familia ikisisitiza anamvisha koti na tai ambavyo marehemu hakuwahi kumiliki. Wapo wapiga picha wanaotoza kazi hiyo bei ya haraka, shilingi elfu na zaidi. Mwenzangu huyu hutoza bei ya picha ya pasipoti, na hapo tunatofautiana, kwa sababu bei ya pasipoti hailipii diski iliyomtunza mzee yule miaka sita.

Diski nazo hufa. Miaka mitano, kumi ikijaliwa, kisha siku moja inaguguna na kunyamaza. Kutunza maana yake ni kuhamisha tena na tena, diski kuukuu kwenda mpya, na mtu anayelipia kuhamisha huko hajapatikana. Serikali ina makavazi ya karatasi zake, Kitale kuna jumba la makumbusho lenye zana na ngao za wazee wetu, lakini picha elfu kumi za Lwakhakha ziko nyumbani kwa kijana mmoja, ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwa nailoni zisipate unyevu. Agosti ijayo anataka kuongeza mstari mmoja kwenye risiti: shilingi mia mbili, kutunza miaka kumi. Nimemwambia mia mbili ni kidogo, aandike mia tano na aahidi diski mbili. Anasema kwa mia tano watu watakwenda kwa mpiga picha wa upande wa Uganda, ambaye hatunzi chochote na hatozi chochote.